Si kichaa, si jini, ni maziwa!

Najua wapo watakaoguna: "Wiki nzima nangojea gazeti, halafu naletewa habari za mbwa!" Guneni tu, ruksa. Ila kabla hujakimbilia ukurasa wa michezo, nijibu swali hili moja. Mbwa wa jirani akizaa, watu huuliza nini? Huuliza, "Kazaa wangapi?" Ukiwajibu sita, swali la pili ni, "Unauza shilingi ngapi?" Basi, mazungumzo yameisha. Mtu wa kuuliza, "Na mama mtu hajambo?" utamtafuta kwa tochi mchana kweupe.

Leo nazungumzia mama mtu. Hapa mjini kufuga vijibwa vya manyoya imekuwa ndiyo fasheni, na kwa wengine ndiyo ajira. Vijana wenzangu wanawapiga picha watoto, wanazirusha mtandaoni, wanapokea advansi hata macho hayajafumbuka. Sikatai, riziki ni riziki. Lakini kuna gonjwa moja linalompata mama wakati macho ya kila mtu yako kwa watoto. Linakuja ghafla, linaweza kuua ndani ya saa chache, na likiwahiwa linapona huku unatazama. Kibaya zaidi, kwa mtu asiyelijua linafanana na kichaa cha mbwa. Hapo ndipo penye kasheshe.

Wafugaji wanaliita homa ya maziwa. Madaktari wana jina lao, eklampsia. Kwa ufupi, kalsiamu, yaani yale madini ya chokaa, inashuka kwenye damu ya mama anayenyonyesha mpaka mwili unashindwa kujitawala. Mimi niliyemaliza kidato cha nne kwa kuvutana na baiolojia nililijua hili mwaka huu, tena kwa vitendo, nyumbani kwa Shangazi.

MTAJIJU AKAKAMAA

Shangazi yangu anaishi Sinza, nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja wa wote. Riziki yake ni vitumbua vya asubuhi na, mara moja kwa mwaka, watoto wa kijibwa chake. Chenyewe ni cheupe, manyoya tele, uzito wake haufiki kilo sita. Jina lake Mtajiju. Shangazi alimpa jina hilo kwa makusudi, ni ujumbe kwa majirani fulani ambao leo tunawasitiri. Ukisikia alfajiri Shangazi anaita, "Mtajijuuu, njoo ule!" ujue kuna mtu kapelekewa salamu zake kitandani.

Mwaka huu Mtajiju alizaa watoto sita. Kwa mbwa wa umbo lile, sita ni mkutano wa hadhara. Watano walikwisha kutolewa advansi, na fedha zile Shangazi alizichanganya kwenye kodi ya nyumba. Kwa hiyo wale watoto hawakuwa mapambo, walikuwa paa la nyumba.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, mama mtu akaanza vituko. Hatulii. Analala, anaamka, anawaacha watoto wanalia. Anahema kama katoka kukimbia marathoni wakati hata jua halijachomoza sawasawa. Anausugua uso kwenye mkeka kama mtu mwenye mafua. Shangazi akasema ni joto la Dar. Saa nne akawa anatembea miguu imekakamaa, utadhani meza imeota uhai. Saa tano udenda unamtoka, mwili mzima unatetemeka. Mara akaanguka ubavu, miguu imenyooka, macho kayatoa.

Sinza unaijua. Dakika tano tu uwanja umejaa, na kila mmoja daktari. Wa kwanza akasema, "Kalishwa sumu huyo, mnywesheni maziwa!" Wa pili akaruka nyuma, "Mnaona mate hayo? Hicho kichaa, kitatumalizia watoto!" Wa tatu, mama mmoja wa chumba cha uani, akanong'ona kwa sauti ya kusikika na wote kwamba lile jina la shari limemrudia mwenyewe, hapo pana mkono wa mtu. Kijana mmoja, sikuona alikotokea, tayari ana rungu mkononi.

Aliyeokoa jahazi ni mzee wa nyumba ya pili. Ni mtu wa msikitini, miaka yote hagusani na mbwa kwa ajili ya nguo zake za sala. Siku hiyo alisimama getini, akamwambia yule kijana: "Weka chini hilo rungu, mwanangu. Kiumbe huyu hajamng'ata mtu. Kwanza aitwe mjuzi." Kijana akaliweka chini. Mzee yule akisema, hata wahuni wa kijiweni huwa wanatulia.

Nikampigia simu daktari wa mifugo aliyemchanja Mtajiju. Hakuwa na maneno mengi. "Ananyonyesha? Watoto wana siku ngapi? Wako wangapi?" Nikamjibu. Akasema, "Watoeni watoto kwenye chuchu sasa hivi. Msimpe kitu chochote mdomoni. Mleteni mbio."

Yule wa maziwa alikuwa tayari kashika kikombe, ikabidi Shangazi amzuie. Na hili mpenzi msomaji lishike sana: mbwa anayetetemeka na kukakamaa hawezi kumeza vizuri. Ukimmiminia maziwa, uji, mafuta au dafu, vinaweza kwenda kwenye mapafu. Utakuwa umemtoa kwenye ugonjwa mmoja ukamtia kwenye mwingine.

SINDANO YA POLEPOLE

Tulimfunika kanga iliyoloweshwa maji ya bomba, tukachukua bajaji, tukamwomba dereva azime muziki. Hiyo nayo ni hoja, si madaha. Kelele, mwanga mkali na kushikwashikwa vinaweza kuamsha mtetemo upya. Maji ya kawaida na upepo vinatosha kumpoza. Barafu usimwekee.

Kwa daktari kipimajoto kilisoma nyuzi 41. Mbwa mzima huwa kati ya 38 na 39 na kidogo. Daktari akaweka sindano kwenye mshipa wa mguu wa mbele, akachukua dawa inayoitwa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, akaanza kuisukuma kidogokidogo huku masikioni kavaa kile kifaa cha kusikilizia moyo. Tone kwa tone. Anasukuma, anasikiliza, anangoja.

Shangazi uvumilivu ukamwisha. "Baba, si uisukume yote tu! Huoni mtoto anakufa?"

"Mama, nikiisukuma haraka moyo utasimama," akajibu bila kuinua uso. "Dawa hii inayomponya ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumuua."

Ilichukua kama robo saa. Kabla bomba halijaisha mtetemo ukapungua. Miguu ikalegea, ikakunjika. Mtajiju akapiga mwayo, akalamba pua, akageuza kichwa kumtafuta Shangazi. Mimi sinema nimeangalia nyingi, lakini kiumbe kurudishwa hivi hivi mbele ya macho yangu sikuwahi kuona. Shangazi, mwanamke ambaye hata msibani huwa ndiye anayewanyamazisha wenzake, alikaa kwenye benchi akalia.

Kwa hiyo anayekuuzia kalsiamu ya sindano ukamdunge mwenyewe nyumbani, mkimbie. Hii ni kazi ya daktari, tena daktari wa kweli. Tanzania tuna Baraza la Veterinari lililowekwa kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na daktari wa mifugo anatakiwa awe amesajiliwa nalo. Kuuliza, "Umesajiliwa, daktari?" si utovu wa adabu.

KWA NINI MAMA ANAKAUKA

Tukiwa tunasubiri, daktari akatupa darasa. Maziwa ya mbwa si ya mchezo. Protini na mafuta yake ni zaidi ya mara mbili ya yale ya ng'ombe, na kalsiamu pia imezidi. Ndiyo maana mtoto wa mbwa anazaliwa kiganja kinajaa, ndani ya wiki chache anakimbiza kuku. Maziwa hayo yanafikia kilele kati ya wiki ya pili na ya nne. Wakati huo watoto wamekuwa wakubwa, wana nguvu, wananyonya bila huruma, na bado hawajaanza kula chakula kingine cha maana.

Sasa mwili wa mama haujui kusema, "Jamani ngojeni kidogo." Maziwa yanatoka tu, na kalsiamu inatoka nayo. Inayobaki kwenye damu haitoshi. Watu wengi tunadhani kazi ya kalsiamu ni mifupa na meno basi. Kumbe ndiyo inayoituliza mishipa ya fahamu. Ikipungua, mishipa inaanza kupiga amri bila kuamriwa, misuli inakazwa bila kupumzika. Misuli ikikazwa muda mrefu inazaa joto. Ile nyuzi 41 haikutokana na malaria wala mdudu yeyote, ni misuli iliyokuwa inafanya kazi kama injini iliyokanyagiwa mafuta.

Katika damu ya mbwa mzima, kalsiamu huwa kama miligramu 9 hadi 11 kwa kila desilita. Ikishuka chini ya 7, hapo dalili zinaanza kujitokeza. Ya Mtajiju ilisoma 6.

Wanaoshambuliwa zaidi ni mbwa wa umbo dogo wenye watoto wengi. Hesabu yake ni nyepesi: ghala dogo, wateja wengi. Lakini mbwa mkubwa naye si kwamba ana kinga.

Wenye ng'ombe nyumbani mtasema, "Homa ya maziwa tunaijua." Ndiyo, lakini angalia usidanganyike. Ng'ombe huipata mara nyingi siku tatu za kwanza baada ya kuzaa, naye hulegea, hukaa chini kichwa kakigeuzia ubavuni, masikio ya baridi. Mbwa ni kinyume. Anakakamaa na anachemka. Ukingoja alegee kama ng'ombe, utakuwa unangoja afe.

KALSIAMU ILIYOLETA UKOSEFU WA KALSIAMU

Hapo Shangazi akadakia. "Lakini daktari, mimi hiyo kalsiamu nimempa! Tangu ana mimba, kila siku kijiko kimoja. Kopo zima limekwisha!" Muuzaji wa duka moja la dawa za mifugo ndiye aliyemwambia hivyo, tena kwa bei ya kuuma.

Daktari akatikisa kichwa. "Mama, hiyo inaweza kuwa ndiyo sababu mojawapo."

Tukatazamana. Akaeleza. Shingoni mwa mbwa kuna vitezi vinne vidogo. Kazi yake ni kupima kalsiamu ya damu, na ikipungua kutoa amri: mifupa itoe akiba, figo zisipoteze, utumbo ufyonze zaidi. Sasa ukimmiminia mama kalsiamu nyingi miezi yote miwili ya mimba, vitezi vinaona mambo safi, vinajilalia. Siku watoto wanazaliwa na maziwa yanaanza kuchotwa, amri inahitajika haraka, na vitezi bado vina usingizi.

"Ni kama kijana anayepewa hela ya matumizi kila asubuhi," akasema. "Siku ukimkatia ghafla, hata njia ya kwenda kutafuta kibarua haijui."

Shangazi akanigeukia mimi. Nikaangalia dirishani.

Utani pembeni, hilo ndilo jambo ambalo wafugaji wengi hawalijui. Mbwa mwenye mimba usimpe kopo la kalsiamu kwa sababu tu jirani kasema. Mimba yake ni kama siku 63. Katika wiki tatu za mwisho mbadilishie polepole umpe chakula kamili, kile kilichoandikwa kwenye mfuko kwamba kinafaa watoto wa mbwa au mama anayenyonyesha. Kalsiamu ya nyongeza, kama inahitajika, hutolewa baada ya kuzaa na kwa kipimo cha daktari.

KICHAA AU MAZIWA?

Nirudi kwa yule kijana wa rungu, maana simlaumu sana. Kichaa cha mbwa kipo, na si jambo la kuchekea. Mtu akishaanza kuonyesha dalili zake, kupona ni kama hakuna. Woga wake ulikuwa wa haki, ila haraka yake ndiyo haikuwa ya haki.

Kabla ya rungu, uliza mambo manne. Je, mbwa huyu ananyonyesha watoto wa wiki moja hadi nne? Je, chanjo yake ya kichaa ina tarehe ya karibuni kwenye kadi? Je, amepigana au kung'atwa na mbwa asiyejulikana miezi ya karibuni? Je, amemshambulia mtu, au anahangaika na mwili wake mwenyewe? Mwenye homa ya maziwa mara nyingi bado anamjua mwenye nyumba, anamwangalia kama anayeomba msaada.

Majibu hayo yanakupa picha, hayakupi cheti. Mbwa anayenyonyesha naye anaweza kupata kichaa kama hajachanjwa. Kwa hiyo watoto wa nyumba wakae mbali, mikono isiingizwe mdomoni mwake, mshike kwa nguo nene, na mpigie daktari. Akimng'ata au kumparura mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu aende hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje kuona mbwa atakuwaje. Kila tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ukiona tarehe hiyo inakaribia, nenda kaifungue kadi ya mbwa wako.

SITA WANALIA

Sasa kazi ikahamia kwa watoto. Daktari alisema Mtajiju asinyonyeshe kwa saa 24. Mama apumzike, sisi tuwe mama.

Watoto wa wiki tatu wanaweza kuanza kulamba kwenye sahani bapa, wengine wanahitaji chupa. Yapo maziwa ya unga ya watoto wa mbwa kwenye maduka ya dawa za mifugo, hayo ndiyo bora. Usiku ule hatukuyapata, daktari akaturuhusu kwa dharura tutumie maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, tuyaongezee kiini cha yai, kwa siku moja tu. Ya ng'ombe peke yake ni mepesi mno kwa mtoto wa mbwa, anashiba tumbo bila kushiba mwili, na yanaweza kumharisha.

Mtoto wa mbwa ananyweshwa akiwa kalala kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kama anavyonyonya kwa mama yake. Usimlaze chali kama mtoto wa mtu, atapaliwa. Maziwa yawe ya uvuguvugu. Walio wadogo kuliko hapo ukimaliza kuwalisha uwapanguse nyuma kwa kitambaa chenye unyevunyevu ili wakojoe, maana kabla ya kama wiki tatu hawawezi vizuri bila kulambwa na mama. Na wawekwe mahali pa joto. Tuliwapima kila asubuhi kwa mizani ya Shangazi ya unga wa vitumbua. Uzito ukipanda, mambo shwari. Ukisimama au kushuka, simu kwa daktari.

Kila baada ya saa nne, usiku na mchana, zamu yangu na zamu ya Shangazi. Wenzangu walikuwa wananiita kwenye muziki, mimi niko sakafuni na bomba la sindano lisilo na sindano, naimbia watoto wa mbwa.

Jumapili jioni tukamrudishia Mtajiju watoto kwa dakika chache. Jumatatu asubuhi akaanza tena kuhema na kuusugua uso. Safari hii hatukungoja saa tano. Tulikuwa kwa daktari saa mbili, akapata dawa kabla hajaanguka. Halafu daktari akasema lile ambalo Shangazi hakutaka kulisikia.

"Ikirudi mara ya pili, ndiyo basi. Watoto waachishwe kabisa. Ukiendelea kumnyonyesha utampoteza."

Shangazi akanyamaza. Najua alichokuwa anahesabu. Watoto sita wakinyonya mama wana uhakika zaidi. Wakilishwa na mikono yetu, hakuna ajuaye. Watano kati yao ni kodi ya nyumba. Mama mtu ni mbwa mmoja, mwenye miaka mitano, ambaye hakuna mtu aliyemtolea advansi.

Akasema, "Waachishe, daktari. Huyu ndiye wa kwangu. Wale ni wa watu."

Tukawaachisha. Watano walikua. Yule mdogo kuliko wote, aliyekuwa mnyonge tangu kuzaliwa, alitutoka siku ya nne, alfajiri, kwenye zamu ya Shangazi. Alikuwa wa mtu, na advansi yake ikarudishwa. Mwezi ule Shangazi aliuza vitumbua asubuhi na jioni.

CHAKULA CHA MAMA

Mtajiju alikuwa analishwa ugali wa dona na mapupu, kama mbwa wengi wa mjini. Ni chakula, hatukidharau. Lakini nyama, maini na mapupu vina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu mno. Dona nalo lina kitu kinachoishikilia kalsiamu tumboni isifyonzwe vizuri. Kwa mbwa wa kulinda geti huenda asionyeshe dalili mapema. Kwa mama wa watoto sita ni hatari.

Anayenyonyesha anahitaji chakula mara mbili mpaka nne ya kile cha kawaida, kutegemea idadi ya watoto na wiki waliyofikia. Tumbo lake dogo haliwezi kukipokea kwa mlo mmoja, kwa hiyo mpe mara nne au zaidi kwa siku, na maji safi yasikauke. Kama mfuko wa chakula cha dukani ni mzito kwa mfuko wako, zungumza na daktari akupangie cha nyumbani. Dagaa wakavu wasio na chumvi, walioshwa mchanga, wakaliwa wazima na mifupa yao, ni kalsiamu ya bei ya sokoni. Ganda la yai lililochemshwa, likakaushwa na kusagwa unga laini kabisa, kijiko kimoja cha chai kina kama gramu mbili za kalsiamu. Unaona ilivyo nyingi? Ndiyo maana kipimo ni cha daktari, si cha kukadiria kwa mkono. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha.

Baada ya sindano, Mtajiju aliandikiwa vidonge vya kalsiamu na vitamini D vya kumeza kwa wiki kadhaa. Na watoto wote, kuanzia wiki ya tatu, waanzishiwe uji mwepesi wa chakula chao, ili mzigo wa mama upungue mapema. Usingoje mama aanguke ndipo ukumbuke kwamba watoto wana midomo.

Jambo la mwisho. Mbwa aliyepata gonjwa hili mara moja, uzao unaofuata anaweza kulipata tena. Shangazi hakutaka bahati nasibu. Watoto walipokabidhiwa kwa wenyewe, Mtajiju alipelekwa akafungwa kizazi. Mmoja wa wateja alimwambia, "Mama, umeua biashara!" Shangazi akamjibu kwa jina la mbwa wake.

Basi msomaji wangu, ukipita mtaani ukasikia mbwa wa mtu kazaa, waulize wangapi, hakuna ubaya. Lakini usiondoke kabla hujauliza la pili: mama mtu anakula nini, na analala vizuri? Ukiambiwa anahema, hatulii na anasugua uso, usiende kutafuta rungu wala kikombe cha maziwa. Watoe watoto, mpigie daktari, itisha bajaji.

Wiki ijayo nitarudi kwenye mambo yetu ya kawaida, nawaahidi wapenzi wa safu ya mapenzi msinune. Tuonane Mungu akipenda. Tchao!